Kistari Kwenye Jiwe Lako

Mama,

Shikamoo. Nimegombana na Baba Mkubwa Elisante mbele ya ukoo mzima, na sijutii. Nakuandikia ili uisikie kutoka kwangu kabla hujaisikia kwa wengine, kama huko uliko habari zinafika. Nakujua. Ungesikia nusu tu ya kisa ungeniita jikoni, ungefunga mlango, ungesema, "Aneth, anza mwanzo."

Haya, naanza mwanzo.

Nyumba ya Engutoto ipo. Sijaipangisha, ingawa watu wameshakuja kuiulizia na mama mmoja wa kanisani aliniambia nyumba kubwa hivi kwa mtu mmoja ni kujitesa. Ubao wako bado upo barazani. Mabenchi yapo. Kuku wa jirani bado wanaingia darasani kama walimu wakaguzi. Wanafunzi wako hawakuja wiki zile za msiba, halafu Jumamosi moja asubuhi nikasikia geti linagongwa. Nikafungua, nikawakuta wamesimama na madaftari yao. Hawakuniuliza kitu. Waliingia, wakakaa, wakanitazama. Nikaenda kunawa uso, nikarudi, nikashika chaki.

Unajua mimi si mwalimu. Kazi yangu ni ile ile ya ofisi ya utalii mjini, kuandika ratiba za wageni, watalala wapi, watapanda gari saa ngapi. Lakini Kiingereza nilichonacho ulinipa wewe. Wenzangu wakiandika "three day safari", safari ya siku tatu, mimi napita nyuma yao naunga "three" na "day" kwa kistari. Wananicheka. "Aneth, mgeni anataka kuona simba, hataki kuona vistari." Nawaacha wacheke. Wakishaondoka, vistari vinabaki.

Unakumbuka ile siku kule mtaani Daraja Mbili? Nilikuwa bado shule ya msingi, tumetoka kununua sare. Ukasimama ghafla mbele ya kibao kilichoandikwa "USED CAR DEALER". Ukaniuliza, "Aneth, hapa kilichotumika ni gari au ni dalali?" Sikuelewa. Ukanieleza pale pale njiani, watu wanatupita na mizigo yao: ukiunga "used" na "car" kwa kistari, umesema mtu huyu anauza magari yaliyotumika. Ukiyaacha yametawanyika, msomaji ana ruhusa ya kudhani dalali mwenyewe ndiye mtumba. Mwenye duka akatoka kuangalia tunacheka nini. Badala ya kuondoka ukamsalimia, ukamweleza na yeye. Akasema, "Mama, wateja wanaelewa." Ukamjibu, "Wanaelewa, baba, halafu wakifika nyumbani wanakucheka."

Nilitamani ardhi inimeze. Leo ningetoa chochote nisimame pale tena, nishike mfuko wa sare, niaibike.

Kanuni yako haikuwa ndefu. Maneno mawili yakilitangulia jina la mtu au kitu na kulieleza kwa pamoja, yaunge. Yakija nyuma, baada ya kitenzi, yaache. "A well-known doctor", daktari anayejulikana sana: hapo weka kistari. "The doctor is well known", daktari anajulikana sana: hapo usiweke. Na neno linaloishia na "ly", kama "highly", usiliunge na chochote. Ulilisema hilo kila muhula, kwa kila darasa, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba maji ya bomba yana sumu. Na ulikuwa mkweli pia. Ulituambia lugha inahama, kwamba kuna maneno yaliyokuwa mawili, yakaungwa kwa kistari, mwisho yakawa neno moja, na kwamba kuna siku kitabu kitasema hivi na kingine vile. "Mkibishana na kitabu, sawa," ulisema. "Lakini mbishane mkiwa mmekisoma."

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyokutoa shuleni. Yule meneja mpya alikuita ofisini kwa sababu wazazi wamelalamika: huyu mama anakata alama kwa vimistari, watoto wanashindwa, shule inapata sifa mbaya. Alitaka uwarudishie alama. Uliporudi nyumbani uliniambia ulivyomjibu, na ulinieleza huku unavua viatu, bila kupandisha sauti. "Nimemwambia siwezi kumpa mtoto alama ya kitu ambacho hakukiandika." Mkataba ulipoisha hawakukupa mwingine. Ulishuka kwenye bajaji na boksi lenye kikombe chako, sweta na chaki zilizobaki, ukaliweka mezani, ukasema, "Wamenipa likizo nisiyoiomba." Kabla ya wiki kuisha, fundi alikuwa anapigilia ubao barazani.

Miaka yote ile barazani. Mvua ikinyesha mnasogeza mabenchi ukutani, mnaendelea. Hata ulipolazwa na ukarudi nyumbani ukiwa huwezi kukaa, ulisahihisha umelala. Kalamu nyekundu ilivujia shuka. Shuka lile sijalifua, Mama. Sitalifua.

Sasa jiwe.

Kwa kuwa Baba alishatangulia, kaburi lako lilikuwa mikononi mwa kaka yake, na hilo sikulipinga. Baba Mkubwa alijenga vizuri. Alichagua mahali pazuri mgombani, kando ya kaburi la Baba, mlima unaonekana wote asubuhi wingu likiwa halijashuka. Alisimamia mafundi mwenyewe, na magoti yale yanayomsumbua. Nataka ujue hilo kabla sijakwambia mengine. Maneno ya kwenye jiwe alimwachia Godlisten, mwanawe aliye nje ya nchi, ayatunge kwa Kiingereza, kwa sababu alisema mwalimu wa Kiingereza hawezi kuwekewa jiwe la Kiswahili. Mimi nilijua jiwe linachongwa. Maneno yake hakuna aliyenionyesha.

Nilitoka kazini jioni moja nikapitia kwa fundi, Fundi Shabani, kule Daraja Mbili, nione limefikia wapi. Nilimkuta chini ya mabati amejaa vumbi la mawe hadi kwenye kope. Akafunua turubai kwa fahari. Jiwe jeusi, herufi za dhahabu. Jina lako lote. Chini yake: "DEAR WIFE, MOTHER AND AUNT". Mke mpendwa, mama, na mama mdogo wa watu. Kisha mstari wa mwisho, peke yake katikati: "WELL-LOVED". Aliyependwa sana.

Jiwe likaishia hapo.

Nilisoma tena kutoka juu. Kwa lile "AUNT" Godlisten alijipatia nafasi hata yeye mwenyewe, mtoto wa shemeji yako, lakini wale watoto wote uliowafundisha hawakupata hata neno. Mke, mama, mama mdogo. Mwalimu hayupo. Na pale chini, kistari kimeunganisha maneno mawili yanayolieleza jina ambalo halipo. Nikaanza kucheka. Nilisikia sauti yako kabisa: "Well-loved nini? Malizia sentensi." Nilicheka mpaka Fundi Shabani akaniletea kiti, kwa sababu kufikia hapo nilikuwa sicheki tena, nilikuwa nalia kwa sauti, dukani kwa watu.

"Nimekosea herufi, dada?" aliniuliza.

Nikamwambia hajakosea. Nikamuuliza kama anaweza kufuta kile kistari.

"Kufuta siwezi. Hili ni jiwe. Kuongeza ndiyo naweza."

Hapo hapo nikampigia Baba Mkubwa. Nikamwamkia, nikamwambia nimeliona jiwe, ni zuri, lakini lina kasoro mbili, kistari kimezidi na neno "mwalimu" halipo.

"Kistari? Aneth, mama yako amelala kaburini na wewe unanipigia simu ya kistari?"

"Na mwalimu, Baba Mkubwa. Hamjaandika kwamba alikuwa mwalimu."

"Njoo nyumbani Jumapili," akasema. "Mambo haya hayazungumzwi kwenye simu."

Nilipanda mlimani kwake Jumapili baada ya ibada. Walikuwepo wote sebuleni, wajomba, mashangazi, mzee wa kanisa mmoja, na Godlisten kwenye simu iliyosimamishwa kwenye bakuli la matunda. Mama Mkubwa alinipa loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa mgando, nikaila yote kwa sababu nilijua nikishaanza kuongea hakuna atakayenikaribisha tena.

Baba Mkubwa ndiye aliyefungua. Alisema mtu anapoondoka tunaandika yale ambayo hayana ubishi. Alikuwa mke wa ndugu yake, hilo halina ubishi. Alikuwa mama yangu, hilo halina ubishi. "Lakini ualimu," akasema, akatafuta maneno, "ualimu uliishia vibaya. Walimwachisha. Tukiliandika neno lile, watakuja watu siku ya ibada ya kufunua jiwe na watasoma, na watanong'ona, huyu si yule waliyemtoa? Mimi sitaki mtu amnong'one shemeji yangu juu ya kaburi lake."

Mama, hakuwa na ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza. Alitaka kukusitiri. Kama angekuwa ananikomoa ingekuwa rahisi kwangu.

Nikasimama. Nilisema, "Waliomwachisha walimwachisha shule. Ualimu hawakuwa nao wao wa kumpa wala wa kumnyang'anya. Alifundisha barazani mpaka mwili ulipokataa. Amekufa mwalimu."

Mmoja wa wajomba akasema nikae, nisiongee nimesimama mbele ya wazee. Nikamwambia nimezoea, kwenye darasa la mama anayejibu husimama.

Godlisten akaingilia kutoka kwenye bakuli. Alisema kwa upole kwamba siku hizi hata huko aliko watu hawahangaiki na vistari, kila mmoja anaandika anavyoona, na kwamba mimi natumia kistari kama kisingizio. Nikamjibu kwamba kuhusu watu kutohangaika ana haki yake, na mama mwenyewe angekaa naye abishane kwa raha. "Lakini wewe umekiweka, Godlisten. Ulipokiweka uliahidi kwamba kuna jina linakuja. Mke ameshatajwa juu, mama ameshatajwa juu. Jina gani lilikuwa linakuja?"

Simu ikakwaruza. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kwenye rasimu ya kwanza aliandika "TEACHER" mwishoni, na baba yake akamwambia aliondoe.

Watu wote wakamtazama Baba Mkubwa. Akatazama mikono yake.

"Nililiondoa," akasema. "Na jiwe litabaki lilivyo. Ibada ni Jumamosi. Nimemaliza."

Alimaliza yeye. Mimi sikumaliza. Nilimuaga kila mmoja kwa mkono, hata yule mjomba, nikateremka kwa miguu hadi barabarani, nimekasirika kiasi kwamba sikuona njia nilivyoikata.

Kesho yake nikarudi kwa Fundi Shabani. Nikaandika neno kwenye karatasi kwa herufi kubwa: "TEACHER". Nikamwonyesha liwekwe chini ya "WELL-LOVED", katikati, kwa ukubwa ule ule. Akalitazama, akajikuna shingo.

"Mzee anajua? Maana kazi hii nimepewa na yeye."

Ni swali la haki. Sikutaka lifanyike kwa siri, Mama. Hukunilea hivyo. Nikapiga simu, nikaweka sauti ya nje ili fundi asikie. Baba Mkubwa alipopokea nikasema, "Shikamoo. Nipo kwa fundi. Naongeza neno moja chini ya jiwe la mama, na neno lenyewe ni mwalimu. Sikuombi ruhusa, nakuarifu ili usikutwe na mshangao Jumamosi. Kama unakataa, kataa sasa, fundi anasikia."

Nilisikia anapumua. Nilisikia ng'ombe nyuma yake, na Mama Mkubwa akimuuliza ni nani. Kisha simu ikakatika.

Fundi Shabani akaniangalia. "Amekata au mtandao?"

"Amekata."

Akafikiri. "Nimesikia kila kitu alichosema, na hakusema hapana," akasema, akachukua patasi.

Jumamosi ilikuwa jua. Mlima ulikuwa wazi hadi juu, kitu ambacho hakitokei kila mara mwezi huu. Nilitegemea ukoo na majirani na kwaya. Lakini habari zilikuwa zimezunguka, na wanafunzi wako walianza kuja kabla mchungaji hajafika. Walikuja kutoka mjini, kutoka Nduruma, wengine nilikuwa siwajui kabisa, watu wazima, wababa wenye vitambi, mama mmoja na mapacha mgongoni na mkononi. Namnyaki alikuja, yule uliyekuwa unamwita "my headache", maumivu yangu ya kichwa. Sasa ana duka la dawa. Aliniambia kila anapobandika maelezo kwenye chupa anayasoma kwa sauti yako.

Viti havikutosha. Walisimama kwenye migomba.

Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, kisha Baba Mkubwa akaitwa kufunua jiwe. Hakuwa amenisemesha tangu asubuhi. Alivuta kitambaa, akakikunja vizuri, akampa mtu. Akatoa miwani mfukoni. Nilikuwa nimesimama karibu yake. Alisoma jina lako kwa sauti. Akasoma mke, mama na mama mdogo kwa Kiingereza chake cha polepole. Akafika chini. Akasimama.

Angeweza kuishia pale. Nilikuwa tayari kusoma mimi.

"Well-loved," akasema. "Teacher."

Na Namnyaki, sijui nini kilimpata, akasema kwa sauti kubwa kama yuko kidato cha kwanza, "Good morning, Madam!" Na wote, Mama, wote wale wababa wenye vitambi, wakainuka, wakaitikia pamoja, "Good morning, Madam!" Ilikuwa ni mchana kabisa, jua limeshapita kichwani. Ungewasahihisha. Ungewaambia wasome saa kwanza. Kisha wakabaki wamesimama wima, mikono pembeni, kwa sababu ndivyo ulivyowafundisha, mpaka mwalimu aseme kaeni. Na hakukuwa na wa kuwaambia.

Sikuweza.

Walisimama hivyo muda mrefu. Mchungaji mwenyewe alikosa la kufanya. Mwisho ni Baba Mkubwa aliyevua miwani akasema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyopasuka, "Kaeni, watoto. Kaeni." Wenye viti wakakaa. Wengine wakachuchumaa kwenye majani.

Sasa usidhani tumepatana. Wakati wa chakula alinifuata pembeni, karibu na zizi. Alisema, "Umenivunjia heshima mbele ya wadogo zangu." Nikamwambia, "Baba Mkubwa, nakuheshimu. Lakini jiwe lile ni la mama." Akasema alitaka tu kukulinda na midomo ya watu. Nikamwambia midomo ya watu si ameisikia leo? Akarudi kwa wageni. Tangu siku ile nikimpigia anapokea Mama Mkubwa, ananiambia mzee amelala, hata kama ni saa nne asubuhi. Ukoo umegawanyika. Yule mjomba amesema mtoto wa kike aliyesoma sana ni hasara. Godlisten ameniandikia ujumbe mmoja tu: "Lilikuwa linakuja hilo." Nimemjibu: "Najua."

Yule meneja wa shule naye alikuja, usishangae. Alisimama nyuma kabisa akaondoka kabla ya chakula. Sikumfuata. Amesoma, inatosha.

Kuna vitu nimevikosea, ungekuwepo ungenisaidia. Sijui kufundisha nyakati za vitenzi kama wewe, wanasinzia. Nikikasirika naongea haraka. Na kuna siku nafika getini na nakaa kwenye gari la watu mpaka dereva anauliza kama nimefika, kwa sababu taa ya jikoni haijawaka na najua hakuna wa kuiwasha. Sina dawa ya hilo. Naingia tu.

Lakini sikubali waseme ulikuwa kitu kidogo. Sikubali waseme ulipoteza muda. Walitaka uwe mpole ili wawe na amani, na wewe ulitaka mtoto wa Engutoto aandike sentensi ambayo hakuna mtu duniani atakayeisoma kwa huruma. Naona ulikuwa sahihi. Nitaona hivyo hata nikibaki peke yangu ukoo mzima.

Ahadi yangu ni hii. Darasa litaendelea barazani, nikiwa na nguvu na nikiwa sina. Krismasi nitapanda mlimani kama kila mwaka. Nitamwamkia Baba Mkubwa kwanza kabla ya watu wote, nitambebea sukari na majani ya chai, nitakaa kwenye sebule ile hata kama ataninunia mpaka jioni. Nitamuuliza magoti. Akiligusa neno lile nitamjibu kama nilivyomjibu, na mwaka unaofuata nitarudi tena kumwamkia. Ni mzee wangu, simwachi. Na neno ni lako, silitoi.

Pumzika, Mama. Kwa heri, Mwalimu.

Mwanao,
Aneth